Mawe Manane Ndani ya Kofia

Tangu nirudishe kombati, sare za jeshi, na kurudi kwangu Ekerenyo, vijana wamekuwa wakinijia kuniuliza namna ya kuingia katika vikosi maalumu vya jeshi. Ni wangapi, sisemi. Ninachojua ni kwamba vikombe vya chai walivyokunywa ni kumi na tisa, nimevihesabu mara mbili, na kwamba mmoja wao aliomba aongezewe maziwa. Huyo sidhani atafika mbali.

Karibu wote huuliza jambo lile lile: "Mzee, nikimbie maili ngapi kwa siku?" Hakuna aliyeniuliza kuhusu soksi. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kuhesabu. Basi nimekaa chini kuandika, ili atakayekuja tena nimpe karatasi na kikombe kimoja, aende zake. Vyeo vyangu sitavitaja. Cheo ni kama koti la mvua, ukikivua unabaki yule yule, tena na baridi. Nitaeleza siku ya kwanza, nitaeleza mto mmoja, na nitawashukuru watu watatu: mama yangu, sajini mmoja mwembamba, na mwanamke aliyeficha kiatu.

Mama yangu aliuza ndizi sokoni hapa Ekerenyo, na mimi nikakulia nyuma ya mikungu yake. Mkungu ulihesabiwa ukitoka nyumbani na ukahesabiwa tena ukifika sokoni, kwa sababu katikati kuna njia, na njia ina njaa yake. Hapo ndipo nilipopata ugonjwa wa kuhesabu kila kitu mara mbili. Hapo pia nilijifunza kupatana: usitaje bei kabla ya kumtazama mtu miguu. Mwenye matope hadi magoti ametoka mbali, hatarudi mikono mitupu.

Lakini watu hawakuhesabiwa. Kwetu ukimnyooshea mtoto kidole ukasema moja, mbili, tatu, unakuwa umemwonyesha kwa kitu kinachotafuta wa kuchukua. Nasi tulikuwa wengi, na mama alikuwa na haki ya kujua kama tumerudi sote. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na jiwe lake dogo. Langu lilikuwa na mstari mweupe. Jua likishuka, mama aliweka ungo mlangoni, na kila mtoto aliyeingia aliweka jiwe lake kwa mkono wake. Mama alitazama ungo, akasema neno moja tu: "Wametimia." Hapo ndipo ugali ulipoliwa. Jiwe likikosekana, hakuna aliyekula mpaka mwenyewe apatikane.

Siku moja ndugu yangu alichelewa kwenye mpira wa majani ya migomba, na mimi nilikuwa na njaa. Nikachukua jiwe lake nikaliweka pamoja na langu. Mama alinipiga kofi mkononi ambalo hata sasa nikilikumbuka vidole vinakunjika.

"Jiwe la mtu huwekwa na mtu," alisema. "Wewe umeleta jiwe. Mtoto wangu yuko wapi?"

Kumbukeni kofi hilo. Mimi nililisahau, na nitawaambia gharama yake.

Wakati jeshi lilipokuja kuandikisha vijana mjini Kisii, uhuru ulikuwa bado mchanga na uwanja ulijaa wanaume waliovua mashati. Tulipimwa meno, nyayo, kifua, kisha kimo. Karani aliyeshika fimbo ya kupimia alinitazama akasema, "Umepungua nusu inchi. Toka."

"Pima tena," nikasema.

"Kwani utarefuka?"

"Afande, mimi hata ndizi huhesabu mara mbili. Pima tena."

Alipoinama kwa hasira ndipo sote tukaona kwamba fimbo imesimama juu ya bonge la udongo mkavu. Akalipiga teke, akapima, akaandika bila kuinua uso. Wengine waliokuwa wamefukuzwa asubuhi hiyo kwa nusu inchi walikuwa wamekwisha kufika nyumbani. Somo la kwanza, vijana: ukikataliwa, omba kwa adabu kipimo kirudiwe. Ukikataliwa mara ya pili, nenda ukale, urudi mwaka ujao.

Jioni hiyo niliingia katika duka la Mhindi mmoja mjini, jina lake Kantibhai, kununua soksi nzito. Nilikuwa nimejiandaa kupatana naye mpaka afunge duka. Alinitazama miguu kama nilivyofundishwa mimi kuwatazama wengine, akasema, "Wewe naenda jeshi. Chukua jozi mbili. Moja ya kuvaa, moja ya kukauka." Sikubishana naye. Katika kazi yote niliyofanya baadaye nimeona wanaume wenye vifua kama milango wakirudishwa nyumbani kwa lengelenge lenye ukubwa wa punje ya mahindi, na kila mara nimemshukuru Kantibhai. Jozi moja ya kuvaa, moja ya kukauka. Pakeni sabuni kavu kisiginoni kabla ya safari ndefu. Kateni kucha za miguu siku tatu kabla, si asubuhi ile ile.

Nilikuwa askari wa kawaida kwa miaka kadhaa kabla ya kujaribu kikosi maalumu. Msiwe na haraka ya kuruka hatua hiyo. Anayetaka kuwa komando kabla hajajua kulala amesimama na kufua shati kwa kikombe kimoja cha maji anajisumbua bure, na anawasumbua wapishi.

Mwalimu wetu wa mchujo alikuwa Sajini Musyoki, Mkamba mwembamba ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alitembea na kidaftari, kalamu ya risasi, na kamba fupi aliyokuwa akiifunga na kuifungua mafundo huku akizungumza. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kamba husomwa kwa vidole, inchi kwa inchi, kabla ya kuitundikia maisha ya mtu. Kwamba dira huangaliwa mara mbili na mlima mara tatu, kwa kuwa mlima hauharibiki. Na kwamba sindano na uzi vina faida kuliko kisu kikubwa. "Kisu mnakipenda kwa sababu ya picha," alisema. "Suruali itapasuka, na hakuna atakayekupiga picha hapo."

Mtihani wa mwisho ulikuwa mwendo wa siku mbili milimani, na kwa mzaha wa Mungu milima yenyewe ilikuwa ya kwetu. Tungeanzia Ekerenyo, tupite juu ya vilima hadi upande wa Itumbe, tuvuke mto Gucha bila kutumia daraja, na tufike uwanja wa Ogembo siku ya pili kabla ya saa kumi alasiri. Kila kikundi kilikuwa na mabegi manane yaliyojazwa mchanga, kila mtu na lake. Hairuhusiwi kupanda gari, kuchukua msaada wa raia, wala kula chakula cha raia. Kikundi kinafika pamoja au hakifiki.

Nilipewa uongozi wa kikundi kimoja kwa sababu nilijua njia. Nami nikaona nimeshafaulu. Nani angenipoteza kwetu?

Siku ya kwanza mateso hayakuwa kilima wala mzigo. Mateso yalikuwa akina mama. Tulipita mashambani na kila boma likasikika: "Wee Mogaka! Si ni Mogaka wa mama wa ndizi? Kuja unywe chai!" Nikatazama mbele kama mtu asiyejulikana. Nyuma yangu askari wenzangu walikuwa wakicheka kimyakimya. Wanyonyi, mrefu kutoka upande wa Bungoma, mwenye mabega ya kubebea jeneza peke yake, aliniambia, "Kiongozi, hawa wakikuita mara nyingine, mimi nitaitika Mogaka."

Kulikuwa pia na Kiprono, kijana wa Kikipsigis kutoka Sotik, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Alikuwa mkimbiaji bora kuliko sote na mtu wa maneno machache. Jioni ya siku ya kwanza niliona ametulia kupita kawaida yake. Sikumuuliza. Nilihesabu mabegi, yakawa manane. Nikayahesabu tena, yakawa manane. Nikalala na moyo mweupe.

Mnaona nilivyofanya. Mdomo wangu ulikataa kuhesabu watu, kama nilivyolelewa, kwa hiyo nilihesabu mizigo yao. Niliona nimekuwa mjanja, nimeiheshimu desturi ya mama na sheria ya jeshi kwa pamoja.

Siku ya pili ilianza na mvua na ukungu wa kukata kwa panga. Tulipofika Gucha mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa na ulikuwa ukipanda. Wanyonyi aliogelea na kamba, akaifunga ng'ambo kwenye mti. Mimi nikafuata wa pili ili nipokee mizigo. Mabegi yakaja moja moja, mkono kwa mkono, kisha wenzangu wakavuka wamejifunika makoti kichwani, kila mmoja akipita mbio kwenda kujikinga chini ya mikaratusi. Wa mwisho alitazama nyuma, hakuona mtu, akaamini kwamba yeye ndiye wa mwisho. Akafungua kamba, akaizungusha kiunoni, tukamvuta. Nikahesabu mabegi. Manane. Nikayahesabu tena. Manane. Nikasema twende.

Tulipanda kama nusu saa. Juu ya kilima, chini ya turubai dogo, Sajini Musyoki alikuwa ameketi na kidaftari chake.

"Kikundi kimekamilika?"

"Kimekamilika, afande. Manane. Nimehesabu mara mbili."

"Manane nini?"

"Mabegi, afande."

Hakunikaripia. Alifunga fundo moja kwenye kamba yake, akalifungua. "Begi halipigi risasi," akasema. "Begi halina mama. Hebu geuka uwatazame watu wako."

Niligeuka. Nyuso zilikuwa zimelowa, na wa Kiprono haukuwapo.

Wanyonyi ndiye aliyesema kwanza. "Begi lake nimelibeba mimi tangu alfajiri. Goti limevimba kama kibuyu. Aliniambia nikikuambia atarudishwa nyumbani. Nilidhani yuko nyuma yetu kwenye ukungu."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Na wewe ukahesabu mabegi."

Katika kupatana, mtu akikutajia bei ya haki huna la kuongeza. Sajini alitazama saa yake.

"Ni saa saba na robo. Ogembo wanafunga saa kumi. Kutoka hapa hadi huko mnahitaji muda wote uliobaki. Mimi kazi yangu ni kuandika saa. Mengine ni yenu."

Sikuwaza kwa muda mrefu, lakini sitawadanganya kwamba sikuwaza. Miezi ya mazoezi ilinipita machoni. Nilifikiri kumtuma mmoja arudi, wengine tuendelee. Kisha nikaukumbuka ule mto unaopanda, na mtu mwenye goti moja anayeogopa kurudishwa nyumbani kuliko anavyoogopa maji. Mtu kama huyo ataingia mtoni. Mimi ningeingia.

"Tunarudi," nikasema.

"Sote," akasema Wanyonyi, naye alikuwa ameshageuka.

Tuliteremka kwa nusu ya muda tuliopandia. Mto ulikuwa umemeza jiwe tulilokanyagia wakati wa kuvuka. Wenzetu walibaki ukingoni wakishika kamba, mimi na Wanyonyi tukavuka tena tumejifunga kiunoni. Katikati maji yalinichukua miguu nikaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Tulipofika ng'ambo, Wanyonyi akanishika mkono akaonyesha kidole.

Fimbo ambayo Wanyonyi alimkatia Kiprono alfajiri ilikuwa imelala kwenye majani kando ya maji. Palikuwa na nyayo za buti, mmoja umezama sana, mwingine umegusa tu, kama za mtu anayechechemea. Zilielekea majini na kuingia.

Niliita jina lake. Nililiita nadhani mara mbili, kisha nikaacha kuhesabu. Wanyonyi aliketi matopeni akaanza kufungua buti zake ili aingie kutafuta, na mikono yake mikubwa haikuweza kufungua fundo.

"Nyinyi ndio mumepoteza mtu?"

Sauti ilitoka juu yetu. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama kwenye mteremko, kikapu cha majani chai mgongoni, gunia kichwani kukinga mvua. Alitutazama kama mtu anayetazama ndizi zilizoiva kupita kiasi.

"Mama, umemwona?"

"Iko kwangu. Inakunywa uji."

Wanyonyi alicheka, kisha akalia, kisha akaanza kufunga buti alilokuwa hajalifungua.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya migomba. Kiprono alikuwa ameketi karibu na meko, goti limefungwa kwa majani na kitambaa, mguu mmoja una buti, mwingine hauna. Alipotuona akainamisha uso.

"Mogaka," akasema, "mwambie anipe kiatu."

Yule mama akaeleza, kwa Kiswahili cha sokoni ili Kiprono naye asikie. "Hii kijana iliingia maji mpaka hapa." Akajigusa kiunoni. "Nikaita, rudi, mto leo inakula watu. Ikasema mimi ni askari. Nikasema sawa, askari, rudi kwanza tukaushe kiatu. Ikarudi. Ikavua moja. Nikachukua, nikaficha. Sasa askari ataenda wapi na kiatu moja?"

"Ni mwizi," Kiprono akanung'unika.

"Mwizi ni mimi?" Mama akaweka mikono kiunoni. "Babu zake walikuja kwa babu yangu, wakachukua ng'ombe, hawakuacha hata kamba. Mimi nimechukua kiatu moja, na nimempa ndizi mbili. Nani mwizi?"

Kiprono akainua uso kwa mara ya kwanza. "Babu yangu alisema nyinyi ndio mlianza. Mlichukua zetu."

"Basi hiyo tutahesabu siku ingine," akasema mama, na wote wawili wakacheka. Nimehudhuria baraza nyingi za amani za mpakani tangu siku hiyo, zenye viti na hotuba. Hakuna iliyokwenda haraka kama ile.

Kisha akanigeukia, na kwa lafudhi yangu akanijua. Akahamia Ekegusii, lugha yetu. Wewe ni wa wapi? Ekerenyo. Wa nani? Nikamtajia mama yangu. Akapiga makofi. Yeye mwenyewe alikuwa binti wa Ekerenyo, ameolewa huku. Jina lake Kwamboka. Walichota maji pamoja na mama yangu wakiwa wasichana, na kwao pia watoto waliweka mawe kwenye ungo.

"Na hakukufundisha mambo ya mawe?" akauliza.

"Alinifundisha."

"Basi jiwe la huyu mwenye goti liliwekwa na nani?"

Nikamtazama Wanyonyi. Wanyonyi akautazama moto.

"Mama yako alikupa jiwe na mkono," akasema Kwamboka. "Wewe ukaenda jeshini na jiwe. Mkono ukauacha nyumbani."

Kofi lile la utotoni lilinirudia, safari hii usoni.

"Mama," nikasema, "tupe kiatu. Saa inakwenda."

"Kunyweni uji kwanza. Mnatetemeka."

"Sheria yetu inakataza chakula cha raia."

"Basi hiyo sheria yenu ivae kiatu imbebe."

"Nusu kikombe," nikasema.

"Viwili."

"Kimoja, mama, na ni cha mwisho."

"Viwili. Na huyu mrefu vitatu."

Katika maisha yangu yote ya soko sijawahi kukutana na mtu anayepandisha bei wakati mnunuzi anashusha, halafu bidhaa yenyewe ni ya kukusaidia wewe. Tulikunywa uji wa wimbi, viwili mimi, vitatu Wanyonyi. Kisha akaenda kwenye ghala la mahindi, akarudi na kiatu, kikavu, amekijaza majivu ya moto ndani ya kitambaa ili kikauke vizuri. Kwa njia hiyo nimekausha buti zangu miaka yote iliyofuata, nanyi fanyeni hivyo, ila hakikisheni majivu hayana kaa.

Kumvusha Kiprono kwa kamba haikuwezekana. Tuliwapigia kelele wenzetu ng'ambo wafuate mto hadi daraja la barabara, sisi tukakata miti miwili ya mkaratusi, tukafunga makoti, ikawa machela. Alikuwa mwepesi kwa dakika kumi za mwanzo. Tulipokutana na wenzetu darajani nilivua kofia yangu, nikaiweka juu ya ukuta wa daraja, nikamwambia kila mtu aokote jiwe na aliweke mwenyewe, kwa mkono wake. Hakuna aliyecheka. Kiprono alisogezwa na machela yake mpaka akafikia kofia. Nikatazama ndani. Mawe manane.

"Wametimia," nikasema.

Tulifika Ogembo saa kumi na moja na dakika ishirini. Malori yalikuwa yamekwisha kuwashwa. Kapteni alisimama kwenye uwanja mtupu, mikono nyuma.

"Mmechelewa."

"Ndiyo, afande. Kosa ni langu. Nilihesabu mabegi badala ya watu. Tena, afande, tumepita darajani, na nimekunywa uji wa raia. Vikombe viwili."

"Kwa nini viwili?"

"Nilijaribu kushusha, afande. Nilishindwa."

Mdomo wake ulitikisika kidogo, lakini mdomo wa kapteni si hati ya msamaha. Nikajaribu kupatana. Nikamwambia achukue nafasi yangu, awaache wenzangu wapite. "Hapa si sokoni," akasema, naye alikuwa na haki. Akamgeukia Sajini Musyoki aliyekuwa amewasili na lori. "Lete kitabu chako."

Alisoma kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akasema, "Sajini, umeandika maneno mawili tu."

"Yametosha, afande."

Kapteni akasoma kwa sauti: "Wamechelewa. Wametimia." Akafunga kidaftari. "La kwanza linawarudisha nyumbani leo. Kwa hilo la pili, rudini mvua zijazo mjaribu tena."

Sajini hakuwahi kusikia neno hilo kwa mama yangu. Ukungu ulipoinuka alikuwa bado ameketi juu ya kilima kile kile, mwenye darubini, akitazama daraja kwa mbali. Kile alichokiona juu ya ukuta wa daraja sikumuuliza kamwe. Alistaafu kabla yangu. Popote alipo, namshukuru kwamba hakutuambia la kufanya.

Mvua zilizofuata tulirudi, tukafaulu. Kiprono hakurudi nasi. Daktari alisema goti lile limekwisha kwa milima. Alilia, kisha akaomba kazi katika stoo ya vifaa, na kwa miaka yote niliyotumikia hakuna kamba niliyoning'inia ambayo vidole vyake havikuisoma kwanza. Nimeshuka majabali kwa kamba zake, kaskazini kwenye joto la kupasua midomo, na sikuwahi kuuliza kama iko sawa. Huko kaskazini pia, siku moja ya vumbi lisiloonyesha mkono, jiwe moja lilikosekana kofiani na tukamrudia mwenye jiwe kabla hajatembea mbali kuelekea kusikorudi mtu. Askari wageni kikosini waliocheka desturi yetu ya mawe waliacha kucheka wiki hiyo.

Sasa, vijana, haya ndiyo mliyoyafuata. Kimbieni, ndiyo, lakini kimbieni na mtu aliye polepole kuliko wewe, ujifunze kumngoja. Ukiumia, sema siku ile ile. Mwenye kuficha goti humbebesha mwenzake uongo, na uongo ni mzito kuliko mchanga. Ukimbebea mwenzako mzigo ni vizuri, lakini mwambie kiongozi. Ukiwa kiongozi, usihesabu kinachoweza kufika bila mwenyewe. Na ukikutana na mama anayekukataza kuvuka mto, vua kiatu umpe.

Siku niliyorudisha vifaa vyangu, Kiprono ndiye aliyevipokea kwenye kaunta ya stoo. Alihesabu kila kitu mara mbili mbele yangu kwa makusudi, mshenzi yule. Alipomaliza akasema, "Ngoja. Nimeomba likizo. Tunapitia kwa mwizi wangu."

Wanyonyi naye akaja kutoka kwao. Tulishuka barabarani karibu na daraja, na mimi na Wanyonyi tukatangulia, maana Kiprono alisema goti lake halipendi kusindikizwa. Kwamboka amezeeka, mgongo umeinama, lakini ulimi umenyooka. Alituketisha, akatazama nyuma yetu njiani.

"Na yule wa kiatu?"

"Anakuja, mama. Yuko hapo chini, anapanda polepole."

Akaweka ungo mlangoni. Mimi nikaweka jiwe langu. Wanyonyi akaweka lake. Kiprono alikuwa amenipa lake barabarani nimshikie, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na fimbo na mwingine na kifurushi cha sukari cha kumpa mama. Nikalitoa mfukoni, nikanyoosha mkono juu ya ungo.

Kofi lilinipata kabla jiwe halijadondoka.

"Ngoja aje," akasema Kwamboka.

Tukangoja. Uji ulianza kushika ngozi juu. Tulimsikia kabla hatujamwona, fimbo, mguu, fimbo, mguu, kati ya migomba.